Katuni isiyo na mtu ndani yake: kwa anayekwenda tamasha la animesheni dhahania mara ya kwanza

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba kuna tamasha la katuni, atawaza watoto. Atawaza Ubongo Kids, wanyama wanaozungumza, hesabu zinazoimbwa. Sasa mwingize ukumbini, na kwa saa nzima asione mnyama wala mtu, asisikie hata neno moja. Duara jeupe linakua hadi linaijaza skrini, mistari inapishana, rangi zinamwagika, zinakauka, zinapasuka. Watu wanapiga makofi. Nyingine inaanza. Atakachouliza kinajulikana: hii sasa inahusu nini?

Swali ni la haki, na anayelijibu kwa "inahusu hisia zako" anamkwepa muulizaji. Filamu hizi zina historia ya miaka zaidi ya mia moja, zina ufundi unaoelezeka, na zina namna ya kutazamwa ambayo mtu anaweza kuelekezwa. Nyingine ni mbovu, na hilo nalo lina maelezo yake. Mtu aliyelelewa katikati ya Tanzania ana mtaji wa kuzielewa ambao wakosoaji wengi wa Ulaya hawana, ila hajaambiwa kwamba mtaji huo unatumika hapa.

Tuanze na kitu chenyewe. Animesheni yoyote ni picha tuli zinazopitishwa mbele ya jicho kwa kasi mpaka jicho linakubali kuona mwendo. Sinema hupitisha fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika tatu ina fremu 4,320. Katika katuni ya kawaida fremu hizo zinafanya kazi ya kumkimbiza sungura. Katika animesheni dhahania hakuna sungura. Kinachokimbia ni mstari, nukta, rangi, mwanga, au mkwaruzo, na hakisimamii kitu kingine chochote. Ndiyo maana haifai kuichanganya na "filamu ya majaribio", ambayo ni jina pana zaidi: filamu ya majaribio inaweza kuwa na waigizaji, vyumba, hata kisa kilichovurugwa makusudi. Dhahania imevitoa vyote hivyo nje na kubaki na umbo na muda.

Muda ndio wa kushika. Mchoro wa dhahania ukiwa ukutani unautazama utakavyo, dakika moja au sekunde mbili, unaanzia kona unayotaka. Filamu inakushika mkono: sasa hiki, halafu hiki, ngoja, ngoja, hiki tena. Aliyepanga huo mfuatano hana tofauti na aliyepanga wimbo.

Hata waanzilishi walilijua hilo. Mchoraji Mjerumani Walter Ruttmann alionyesha filamu yake ya kwanza ya aina hii mwaka 1921, ikipigiwa muziki wa vinanda vya nyuzi papo hapo ukumbini, akaiita Opus I, kama watunzi wa muziki wanavyozipa namba kazi zao. Hans Richter, naye Mjerumani, zake aliziita Rhythmus, yaani mdundo. Viking Eggeling, Msweden aliyeishi Berlin katika umaskini, yake aliita Symphonie Diagonale, yaani simfoni ya mshazari. Tarehe 3 Mei 1925 kazi za kundi hili zilionyeshwa pamoja katika ukumbi mmoja wa Berlin, katika onyesho la asubuhi ambalo waandaaji walilitangaza kuwa la filamu kamili, yaani filamu isiyoazima chochote kutoka tamthilia wala riwaya. Eggeling alifariki siku kumi na sita baadaye. Filamu yake moja, michoro myeupe juu ya weusi ikichanua na kufumba kama chanuo linaloota meno, bado inaonyeshwa kwenye matamasha, na bado inawashinda watu, kwa sababu haina sauti kabisa. Eggeling alitaka uusikie muziki kwa macho.

Hapo ndipo Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, unapoingia. Hakuna mtu anayetoka kwenye ngoma ya muheme akauliza ilihusu nini. Wanawake wamebana ngoma katikati ya magoti, wengine wanashikilia pigo la chini lisilobadilika, mmoja anaruka juu yake kwa pigo la kwake, na wewe uliyesimama pembeni mwili umeshajua ni lini atarudi. Akichelewa kidogo unasisimka. Akirudi unatabasamu. Hujatafsiri chochote, na umeelewa kila kitu. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alichukua ala za ilimba na zeze na sauti za Wagogo akazipeleka Ulaya na Japani, mbele ya watu wasiojua Kigogo hata salamu ya "mbukwa", na watu hao hawakudai maelezo kabla ya kupiga makofi. Kazi anayopewa mtazamaji wa filamu ya dhahania ni hiyo hiyo, isipokuwa sasa pigo liko kwenye skrini.

Kinachotuzuia ni mazoea ya filamu, maana filamu tumezoea zitusimulie. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, na vibanda umiza vilikuwa na mtafsiri, yule jamaa anayefunika sauti ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili chake na utani wake, na anayekwambia nani msaliti kabla msaliti mwenyewe hajajulikana. Ningependa sana kumwona mtu yule akipewa filamu ya Eggeling. Nadhani angeanza na "oya, hili chanuo lina hasira," na kwa dakika mbili angekuwa sahihi kuliko wahakiki wengi.

Zoea jingine ni la kugeuza kila umbo kuwa kitu. Ukipanda kwenye miamba ya Kolo, kule Kondoa, ambako michoro yake iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, utakuta wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa wekundu. Kila mgeni anawapiga picha. Lakini yapo pia maduara na mistari, na hapo mgeni husimama, anakunja uso, kisha anasema "huenda ni jua." Akishasema jua, anatulia, anaondoka. Hajaliangalia tena lile duara. Ukumbini mambo ni hayo hayo: jirani yako atanong'ona "yai", kisha "jicho", kisha "chembe za damu". Huwezi kuuzuia ubongo kufanya hivyo, ni kazi yake. Uache ubahatishe, lakini usisimame hapo. Umbo likishapewa jina, endelea kutazama linafanya nini.

Sauti, mahali penye ufundi mtamu zaidi

Ukitaka jambo moja tu la kufuatilia katika tamasha zima, fuatilia uhusiano wa picha na sauti. Kwa ujumla uko wa namna tatu, na kila mmoja una ladha yake.

Wa kwanza ni picha kufuata muziki. Oskar Fischinger, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1900, alikuwa bingwa wake. Alichora kwa mkaa maelfu ya karatasi ili mikunjo myeupe iteleze sawasawa na muziki wa okestra. Mwaka 1935 alitoa Komposition in Blau, vijiti na miraba ya rangi ikipangana na kucheza, na mwaka uliofuata akahamia Hollywood, kwani utawala wa Kinazi uliiona sanaa ya dhahania kuwa uchafu. Huko aliajiriwa na Disney kwenye sehemu ya muziki wa Bach ya filamu Fantasia. Michoro yake ikafanyiwa marekebisho ili ifanane na vitu vinavyojulikana, akaacha kazi kabla filamu haijatoka, na jina lake halikuwekwa. Ukiitazama leo sehemu ile, utaona pinde za fidla zinazopaa angani na mawingu. Hayo ndiyo aliyoyakataa.

Uhusiano wa pili ni wa ajabu zaidi: picha yenyewe ndiyo sauti. Kuuelewa inabidi ujue mkanda wa filamu ulivyo. Pembeni mwa picha kuna ukanda mwembamba ulioachwa kwa ajili ya sauti, na sauti hiyo imechapwa kama mchoro wa weusi na weupe. Mkanda unapopita kwenye projekta, taa ndogo hupenya ukanda huo, mwanga unaotokea upande wa pili huangukia seli inayougeuza kuwa umeme, na umeme huo hupelekwa kwenye spika. Mistari ikiwa imebanana, sauti inakuwa nyembamba. Ikiachana, inakuwa nzito. Projekta haijui kama mistari ile ilitokana na mwimbaji au na mtu mwenye wino. Basi watu wakaanza kuchora sauti kwa mkono. Fischinger alifanya hivyo mwaka 1932 kwa mapambo aliyochora na kuyapiga picha kwenye ukanda wa sauti, ayasikie yanaliaje.

Aliyelifikisha jambo hili mbali kabisa ni Norman McLaren, mzaliwa wa Stirling huko Uskoti, aliyefanya kazi kwenye Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada tangu 1941. Katika Synchromy, filamu yake ya mwaka 1971, alitunga muziki kwa kadi zenye mistari, akazipiga picha moja moja kwenye ukanda wa sauti. Kisha akaichukua mistari hiyo hiyo, akaihamishia sehemu ya picha, akaipaka rangi na kuipanga safu safu. Unachokiona na unachokisikia ni kitu kimoja kilichoingia kwa milango miwili. Sauti ikipanda, mistari inabanana. Sauti ikiwa nzito, mistari inanenepa. Mtoto anaielewa filamu hii haraka kuliko profesa, na ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeanza.

Uhusiano wa tatu ni picha na sauti kutembea kila moja kwa mguu wake na kukutana pale tu zinapotaka. Hapa yupo Len Lye, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand. Filamu yake Free Radicals ya mwaka 1958 haikupigwa kwa kamera. Alichukua mkanda mweusi, akaukwaruza kwa vyuma vyenye ncha, vikiwemo vifaa vya daktari wa meno, mpaka mwanga ukapita kwenye mikwaruzo. Mistari myeupe inaruka gizani, inajinyonga, inazunguka kama inayojitupa. Na kinachosikika ni ngoma za Wabagirmi, watu wa eneo ambalo leo ni Chad. Ilipata tuzo Brussels mwaka ule ule. Mara nyingi maandishi ya Ulaya hutaja ngoma hizo kwa nusu sentensi na kurudi kwenye fikra za Lye kuhusu nishati. Mimi naona kinyume: wapigaji wale ndio waliompa filamu, na mikwaruzo inahangaika kuwafikia. Isikilize ukiwa umefumba macho, kisha itazame, uamue mwenyewe.

Niliwahi kuionyesha hapa Dodoma mjini, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, pamoja na nyingine chache. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa Nkuhungu, kofia mapajani, ameletwa na mjukuu wake wa chuo. Filamu ya pili haijaisha akaniinamia.

"Mjukuu wangu, hii inahusu nini?"

"Babu, isikilize kwanza kama ngoma. Nitakujibu mwishoni."

Mwishoni hakuuliza. Alisema tu kwamba ile ya mikwaruzo mpigaji wake anajua, hizi nyingine zinapigapiga. Kwa uhakiki wa usiku ule sikusikia uliozidi huo.

Jinsi ya kuitambua iliyo mbovu

Kompyuta yoyote inaweza kukutolea rangi zinazozunguka siku nzima. Kwa nini basi tuite kitu kama hicho sanaa kikiwa kwenye tamasha, na pambo kikiwa kwenye skrini ya benki ukisubiri foleni? Majibu ni mengi. Kipimo changu ni kumbukumbu. Filamu nzuri ya dhahania inakumbuka ilichokuonyesha. Ile nukta nyekundu ya mwanzo itarudi ikiwa imebadilika, au haitarudi na utaona pengo lake. Pambo halikumbuki chochote. Ukilikata katikati na kuliunganisha kinyumenyume, hakuna atakayejua.

Kazi ya John Whitney, Mmarekani, inalionyesha hili kwa uwazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili alinunua mtambo chakavu wa jeshi uliotengenezwa kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege, akaugeuza kuwa mashine ya kuchora mwendo. Mwaka 1961 akatoa Catalog, mkusanyiko wa maumbo aliyoyapata humo. Baadaye alihamia kwenye kompyuta za kidijitali. Wazo lake kuu ni rahisi kulieleza hapa kuliko mahali pengi. Panga nukta nyingi kwenye mstari. Ya kwanza iende kwa kasi moja, ya pili mara mbili yake, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Kwa muda zinatawanyika, skrini inaonekana fujo tupu. Kisha inafika hatua ambapo nyingi zinakutana, na ghafla una ua lenye petali tatu, halafu fujo, halafu petali mbili, mpaka zote zinarudi zilipoanzia. Mpigaji wa mapigo mawili na wa mapigo matatu nao hukutana kila baada ya sita, na ule mkutano ndio unaowainua wachezaji. Whitney aliuchora. Fujo yake inajua inakorudi, na mtazamaji anaanza kuingoja.

Kinyume cha kazi ya mashine ni Motion Painting No. 1, filamu ya Fischinger ya mwaka 1947. Alipaka rangi ya mafuta kwenye kioo cha plastiki na kupiga fremu moja baada ya kila mguso wa brashi, kwa miezi, bila kuona amepata nini mpaka mwisho. Unauona mchoro ukikua kwa dakika kumi na moja, tabaka jipya likizika la zamani. Kumbukumbu ya filamu hii imelala humo humo chini ya rangi.

Nikisema mbovu, sisemi zenye kuchosha. Uchovu ni kitu kingine, na unatokana zaidi na mpangilio wa tamasha kuliko filamu. Filamu hizi hutungwa zikiwa fupi, dakika mbili hadi kumi hivi, lakini huonyeshwa kwa mafungu ya saa moja au zaidi, kumi au kumi na tano mfululizo, bila nafasi ya kupumua. Hakuna sikio linalovumilia nyimbo kumi na tano mpya kwa mkupuo. Kwenye tamasha la kwanza nililohudhuria, nje ya nchi, nusu ya safu yangu ilisinzia kwenye fungu la jioni, wakiwemo watengenezaji wenyewe. Usione aibu. Chagua fungu moja kwa siku, mawili ukiwa na nguvu, na kati yake toka nje utazame barabara.

Tamasha lenyewe limejengwaje

Wengi wetu tamasha la filamu tunalolijua ni ZIFF ya Zanzibar, linalofanyika tangu 1998, lenye maonyesho ya wazi Ngome Kongwe na muziki hadi usiku. Tamasha la animesheni dhahania ni dogo na la kimya kuliko hilo. Punto y Raya, lililoanzia Hispania mwaka 2007, limejifunga kwa sharti moja kali: hakuna umbo linalowakilisha kitu, ni nukta na mistari tu kama jina lake linavyosema. Limewahi kuhamia Reykjavík mwaka 2014 na Karlsruhe mwaka 2016. Kwa kawaida, hata hivyo, mtu hukutana na filamu hizi ndani ya tamasha kubwa la animesheni kwa ujumla. Annecy la Ufaransa, lililoanza 1960, na Ottawa la Kanada, lililoanza 1976, yote yana nafasi maalumu kwa filamu fupi zisizosimulia.

Ndani utakuta shindano lenye jopo la waamuzi, mafungu ya kumbukumbu ya wasanii wa zamani, mazungumzo na watengenezaji, na mara nyingi onyesho la moja kwa moja, msanii akiendesha picha na sauti papo hapo kama mpiga muziki. Ukikosa vyote, usikose mafungu ya kumbukumbu. Huko filamu za zamani huonyeshwa wakati mwingine kwa mkanda halisi, na mwanga wa mkanda ni kitu kingine kabisa. Shindano lina bahati nasibu: majaji wanachagua katika kilicholetwa mwaka huo, na miaka hailingani.

Kwenye mazungumzo na watengenezaji usiulize "ulimaanisha nini". Watakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Waulize walianzia wapi, picha au sauti. Waulize ipi ilikuwa fremu ya kwanza kuchorwa. Hapo ndimi zinafunguka.

Kuna tahadhari moja isiyo ya kisanii. Baadhi ya filamu hizi humetameta kwa kasi, weupe na weusi ukipishana mara nyingi kwa sekunde, na kwa watu wachache hilo linaweza kuamsha kifafa. Hili si la nadharia: tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon huko Japani kilikuwa na sekunde chache za mimweko ya nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Matamasha makini huweka onyo kwenye ratiba na mlangoni. Kwa kuwa kwetu familia nyingi bado zinaficha habari za kifafa, nasema waziwazi: kama wewe au mtoto wako ana historia hiyo, soma onyo, kaa viti vya nyuma, na mimweko ikianza ziba jicho moja kabisa kwa kiganja. Kufumba macho hakutoshi, mwanga hupenya kope.

Kwa nini simu haitoshi

Mtu atasema: yote haya yako mtandaoni, ya nini safari? Kwa sehemu ni kweli. Bodi ya Filamu ya Kanada imeziweka kazi nyingi za McLaren wazi bila malipo, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Lakini upo ugumu wa kiufundi unaozipiga filamu hizi kuliko nyingine zozote. Video ya mtandaoni haitumi kila fremu nzima. Inatuma fremu moja kamili, kisha kwa zinazofuata inatuma zaidi kile kilichobadilika. Mtangazaji wa habari akizungumza, ukuta wa nyuma haubadiliki, koti halibadiliki, kwa hiyo bando lako linatosha kubeba midomo inayosogea. Sasa chukua Mothlight ya Mmarekani Stan Brakhage, ya mwaka 1963, ambayo aliitengeneza bila kamera kwa kubandika mabawa ya nondo, majani na vipande vya nyasi katikati ya mikanda miwili ya plastiki angavu. Hakuna fremu mbili zinazofanana. Kila kitu kimebadilika kila mara, na mfumo unaojaribu kuokoa data unazidiwa, unakata picha kuwa vimraba. Mishipa ya bawa, ambayo ndiyo filamu yenyewe, inageuka tope. Kwa mtandao wa jioni wa mitaa yetu mingi, unachokitazama ni makosa ya mtandao. Pakua kwanza kwa ubora mkubwa pale mwenyewe anaporuhusu, vaa visikilizaji vizuri, zima taa.

Kusafiri ni gharama, tusidanganyane. Visa ya Schengen pekee, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi unayafuata Dar es Salaam. Treni ya umeme imefupisha kipande hicho cha safari, lakini gharama za tiketi ya ndege na malazi bado ziko palepale. Njia ya maana kwa kijana wa hapa ni kwenda akiwa na filamu yake, kwa kuwa matamasha kadhaa husaidia malazi ya waliochaguliwa. Na katika aina hii ya filamu mtengenezaji wa Dodoma haanzi nyuma ya mtu. Hahitaji waigizaji, hahitaji kibali cha kupiga picha mtaani, hahitaji hata tafsiri ya chini ya skrini. Len Lye alikwaruza na kupaka rangi moja kwa moja kwenye mkanda kwa sababu, pamoja na mengine, kamera ilikuwa gharama. Filamu yake A Colour Box ya mwaka 1935 ililipiwa na kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza: dakika chache za rangi zinazocheza kwa muziki wa Kikuba, halafu mwishoni tangazo la bei ya kutuma vifurushi. Leo programu za Blender na Krita ni za bure, na maombi mengi hupitia majukwaa ya mtandaoni kama FilmFreeway. Angalia ada kabla ya kutuma, maana matamasha mengine hayatozi kitu, na tarehe za mwisho hufika miezi mingi kabla ya tamasha.

Ambaye hana mpango wa kusafiri wala kutengeneza anaweza kulileta tamasha hapa. Tarehe 28 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Animesheni Duniani, iliyowekwa na chama cha kimataifa cha wanaanimesheni, ASIFA, kukumbuka onyesho la Émile Reynaud jijini Paris mwaka 1892, na siku hiyo vikundi vidogo katika nchi nyingi huonyesha filamu. Dodoma ina vyuo vya kutosha na kumbi za kutosha. Mwezi wa kumi jua la saa kumi na mbili kasoro bado lina nguvu, kwa hiyo anza giza likishaingia au tafuta mapazia mazito. Fedha ikiwa kidogo, iende kwenye spika kabla ya projekta, na filamu zisizidi saba. Ruhusa iombwe kwa maandishi kwa mwenye filamu, hata kama onyesho halina kiingilio. Wasanii wa fani hii si wengi na hawajazoea kupata barua kutoka Tanzania, na wengi wao hujibu barua pepe wenyewe.